Nilivyoipeleka Miti Kumi na Miwili Bungeni

Siku ile kwa kinyozi, Osundwa aliponiomba niwe msemaji wa wenye miti, jibu lililofaa lilikuwa "La." Ni neno fupi, wala halihitaji masomo. Mimi nilimjibu, "Lete hizo karatasi nizione."

Nyinyi mnaokaa nami kwenye benchi nje ya kinu cha unga hapa Baba Dogo mmeniuliza mara nyingi mambo yaliishia wapi, nami nimekuwa nikiwajibu kwa kukohoa. Wiki iliyopita nilirudi kutoka hatua ya mwisho ya safari ile. Kikohozi kimeishiwa na visingizio, kwa hiyo nawaandikia. Habari za tikiti, mihuri na foleni za ofisini nitaziruka. Sijamwona mtu aliyeburudishwa na muhuri.

Osundwa, kwa asiyemjua, ni yule muuza mbao wa mtaa wa Lucky Summer anayetembea na penseli sikioni. Mwaka ule alikuwa ameanza ghafla kuipenda miti iliyosimama. Fisi naye huwapenda mbuzi.

"Mzee Silvano," alisema, povu la sabuni likiwa bado shavuni mwangu, "kuna mswada unatengenezwa. Mtu akiwa na miti yake mwenyewe, si ya serikali, na aiache isimame, anasaidiwa na pesa za umma. Inaitwa ruzuku. Huko ng'ambo wanafanya hivyo."

"Na mimi naingia wapi?"

"Sisi wa mitaa hii wengi tuna miti nyumbani. Tunataka majina. Tunataka shahidi mmoja wa kijijini asimame mbele ya waheshimiwa. Halafu hizi karatasi ni za Kizungu, zinataka mtu wa kuzitia Kiswahili. Na wewe ulisoma."

Hapo ndipo aliponimaliza. Ni kweli nilifika kidato cha nne, enzi ambazo kidato cha nne kilikuwa kitu, kisha nikafanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mashine ya mablanketi ambayo haikuniuliza cheti hata siku moja. Mtu akinikumbusha kwamba nilisoma, huwa nalainika kama mkate kwenye chai.

Nilitafsiri kwa siku mbili. Karatasi zilizungumzia watu binafsi wenye vipande vya ardhi vyenye miti. Niliandika "wenye miti", nikalitazama neno, nikaliona maskini. Nikalifuta, nikaandika "wenye misitu". Hilo lilikuwa na kimo. Mahali walipoeleza kwamba tutazungumza na wabunge mpaka watuunge mkono, niliandika "kuwashawishi". Osundwa alisoma, akapiga mluzi.

"Mzee, hii Kiswahili imevaa tai."

Mke wangu, Consolata, naye alisoma. "Baba Rosa, kwenu kuna msitu?"

"Kuna ile miti kumi na miwili ya Raphael."

"Nyani wake umewaandika pia?"

Raphael alikuwa kaka yangu. Aliipanda mikalitusi hiyo ukingoni mwa kijito, nyumbani Khwisero, na kabla hajafa alimwambia mkewe, Perpetua, kwamba ni ya kumjengea nyumba: nguzo, mapaa, milango, kila kitu. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imeinama, inaegemezwa na gogo. Lakini kwetu mjane haangushi mti uliopandwa na mumewe, hata awe na shoka na misuli. Mwanamume wa boma lazima atoe neno, na autie shoka mti wa kwanza kwa mkono wake. Raphael aliacha mabinti wawili tu, wote wameolewa. Neno lilikuwa kwangu. Perpetua alikuwa ameliomba Krismasi mbili mfululizo, na Krismasi zote mbili nilikuwa na shughuli.

Baba Dogo hadi Kisumu

Basi lilikuwa liondoke saa moja asubuhi. Saa nne bado lilikuwa linanguruma palepale stendi, kwa sababu, alivyotueleza utingo, "Tumebakisha mmoja tu, wazazi, tunatoka." Huyo mmoja alikuja mara kumi na moja.

Karibu nami alikaa mama mmoja Mwislamu wa mtaa wa Pipeline, mfanyabiashara wa nguo, anakwenda Kisumu na mabunda matatu. Alilitazama faili langu mpaka Naivasha, ndipo aliposhindwa kuvumilia.

"Baba, hilo faili ni la kesi?"

"Ni la sheria."

"Basi ni kesi."

Nilimweleza habari za mswada, kwa Kiswahili changu chenye tai. Alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo serikali itamlipa mtu kwa kuacha kitu kisimame?"

"Ndiyo, mama. Miti."

"Mume wangu amesimama kwenye kona pale Pipeline mwaka wa tatu sasa. Nipe kalamu nimwandike."

Abiria walicheka mpaka Nakuru. Mimi nilitabasamu kama mtu mkubwa anavyowatabasamia wasioelewa. Nakuru nilikula mkate mkavu na soda ya moto, maana dereva alisema dakika kumi, akaenda kula nyama choma ya saa nzima. Baada ya Kericho alisimama kununua kabichi, akizipiga makofi moja moja kama anayepima ndama wa mnada. Abiria mmoja aliuliza kama tunakwenda Kisumu au tunakwenda sokoni. "Njia ni moja," dereva alijibu, akaongeza mananasi.

Kisumu nililala kwa binamu yangu. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, nilikuwa Khwisero.

Nyumbani

Perpetua alinipokea mlangoni. Kwetu shemeji wanaitana mulamwa, na utani kati yao ni halali.

"Karibu, mulamwa. Naona umekuja na mkoba. Neno limo ndani?"

"Lipo, ila limefungamana na jambo kubwa zaidi."

"Jambo kubwa zaidi ya ukuta wa nyuma?" Alinionyesha ule ukuta kwa kidevu. Ulikuwa na ufa ambamo kuku alipita huku ninautazama.

Alinichinjia jogoo. Firigisi aliiweka juu kabisa ya nyama, upande wangu. Kwetu firigisi ni haki ya mwenye boma. Mwanamke akikupa, amekwambia kwamba mumewe hayupo na wewe ndiye unayesimama mahali pake. Niliila kwa heshima zote. Haki niliimeza, wajibu nikauacha kwenye sahani.

Jumapili, baada ya misa, niliomba nafasi nizungumze na watu nje ya kanisa. Nilisimama kwenye ngazi, nikatangaza kwa sauti kwamba wana wa eneo hili wanaoishi Nairobi wamenituma nikusanye majina ili twende kuwashawishi wabunge.

Katekista alinyanyua mkono. Alikuwa na sura ya mtu aliyemwona ng'ombe akipanda madhabahuni.

"Silvano, kila siku tunasali, usitutie katika kishawishi. Nawe umetumwa uwatie wabunge humo?"

"Waliingia zamani!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Silvano awaletee chakula tu."

Nilieleza kwamba ni lugha tu, kwamba kushawishi huku si kule. Katekista alisema shetani naye hueleza hivyohivyo. Basi nikaliacha neno hilo, nikatoa orodha. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa, WENYE MISITU BINAFSI. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi aliisoma akifuata herufi kwa kidole, kisha akanirudishia kalamu.

"Wandayi," alisema, na hilo kwetu ni kama kusema ndugu yangu, "mimi nina miti saba, na mmoja una nyuki. Msitu sina. Msitu ni wa serikali. Kule ng'ambo ya mto watu waliambiwa wanaishi msituni, wakahamishwa pamoja na kuku wao. Leo unataka nijishtaki mwenyewe, tena kwa mwandiko wangu?"

"Mzee, ni lugha tu."

"Hata wao waliambiwa kwa lugha."

Hakuna aliyetia sahihi. Watu waliniaga kwa upole, mmoja mmoja, kama wanavyomuaga mgonjwa. Nilibaki na karatasi nyeupe. Mtu aliyesoma angefikiri: watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga, labda neno ndilo baya. Mimi nilifikiri nitamwonyesha nini Osundwa. Nikakaa kwenye benchi la kanisa, nikajaza mstari wa kwanza: *Boma la marehemu Raphael. Msitu mmoja.* Nikatia sahihi yangu, ile ndefu yenye mkia.

Perpetua alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mulamwa, huo msitu uko wapi?"

"Kijitoni."

"Kijitoni kuna miti yangu."

"Ndiyo hiyo. Ikiandikwa hivi italeta msaada. Njoo nami Nairobi, uwe shahidi. Useme kidogo tu. Tukirudi nitatoa neno, ujenge."

"Kabla ya mvua za masika?"

"Kabla ya mvua."

"Na mti wa kwanza utaukata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kisha akaenda kuomba jirani amwangalizie kuku.

Kurudi Nairobi na wenzetu nyuma

Osundwa alikuwa ameahidi usafiri wa ujumbe. Usafiri ulikuja kwa wakati, na hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi. Lilikuwa lori lililobeba magogo ya mikalitusi mpaka juu, likielekea kwenye yadi yake Lucky Summer. Tulikaa mbele, dereva upande wake, Perpetua katikati na kikapu miguuni, mimi dirishani na faili.

"Mulamwa," Perpetua alisema tulipoanza kupanda kuelekea Kericho, "hawa walio nyuma ni wajumbe wenzetu?"

"Ni mzigo wa Osundwa."

"Walikataa kusimama?"

Dereva alicheka hadi lori likayumba.

Baada ya Nakuru kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari alizunguka lori mara mbili, akaomba karatasi ya kusafirisha magogo. Dereva alitoa karatasi safi kabisa, ila ilikuwa ya safari ya mwezi uliopita. Askari hakukasirika wala hakuomba chochote. Alisema tu tungoje karatasi yenyewe, hata kama itachukua wiki, kwa sababu yeye ana zamu na kiti. Dereva akaenda kutafuta simu ampigie Osundwa.

Nikaona huu ndio wakati wa elimu yangu kufanya kazi. Nilishuka, nikafunga vifungo vya koti.

"Afande, huu ni ujumbe rasmi. Tunakwenda bungeni kutetea miti."

Alinitazama mimi, akatazama magogo. "Hii?"

"Hii hapana. Ile iliyobaki."

"Na hii mlishindwa?"

Tulikaa hapo tangu saa sita mpaka jua likaelekea kuzama. Perpetua alitandika leso kivulini mwa lori, akafungua kikapu: ndizi zilizoiva, viazi vitamu, na kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Askari alikuwa mtu wa Pwani. Alisogea.

"Mama, hizo ni njugu?"

"Kumbikumbi."

"Wale wadudu?"

"Walikuwa wadudu. Sasa ni kitoweo."

Alimtia mmoja kinywani huku amefumba macho, akatafuna, akafumbua jicho moja, akachota kiganja kizima. Kuanzia hapo kizuizi kilikuwa cha jina tu, isipokuwa kwetu.

"Mzee, mkeo ana maneno matamu," aliniambia.

"Si mke wangu, afande. Ni shemeji."

"Mume wangu yuko ardhini," Perpetua alisema bila kuinua uso. "Huyu ndiye mdomo wake sasa. Ndiyo maana namfuata huku kote, nisubiri ufunguke."

Askari alicheka. Mimi nilijishughulisha na ganda la ndizi.

Karatasi ilifika kwa gari la mtu mwingine. Tuliingia Baba Dogo asubuhi ya pili, wafanyakazi wa zamu wakiingia geti la kiwanda, na Consolata akamkumbatia Perpetua kana kwamba amemtoa hospitalini.

Baba Dogo hadi mjini

Mkutano na waheshimiwa uliahirishwa mara tatu. Siku hizo nne Perpetua alikaa kwetu, akimsaidia Consolata kuchambua mboga kwenye ngazi ya ploti yetu ya kupanga. Watoto wa majirani walimsalimia "Sasa, kukhu," yaani bibi kwa lugha ya kwetu, naye akawajibu, "Sasa ni nini? Sasa ni saa ngapi?" nao wakampenda kuliko walivyowahi kunipenda mimi. Alitazama madirisha ya ghorofa ya jirani, nguo zilivyoning'inia, akasema huku watu wamepangwa kama mahindi ghalani. Kila asubuhi aliniuliza jambo moja: mvua za kwao zimeanza?

Siku ya tano Osundwa alikuja amevaa suti. Tulishuka mjini, tukaliona Bunge waziwazi, pamoja na saa yake. Nilinyoosha tai. Tukalipita.

"Osundwa, tumepitiliza."

"Mzee, bungeni hakuna nafasi leo. Tunakutana hoteli. Ni Bunge tu, ila lina chai."

Kweli, lilikuwa na chai. Lilikuwa pia na mikate iliyokatwa pembe tatu, midogo kiasi kwamba Perpetua aliuliza kama ni ya kuonja kwanza. Waheshimiwa watano walitarajiwa, wakaja watatu, na mmoja wao alilala kabla ya sala ya kufungua. Osundwa alizungumza kwanza. Alisema habari za misitu, mvua, hewa na vizazi vijavyo, kwa hisia kali, na penseli yake bado sikioni. Kisha akamwita shahidi.

Perpetua alisimama. Mheshimiwa aliyekuwa katikati, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alitazama karatasi yangu.

"Karibu, mama. Msitu wako una ukubwa gani?"

"Sina msitu, Mheshimiwa."

Mheshimiwa aligonga karatasi kwa kidole.

"Hapa imeandikwa msitu mmoja."

"Msitu ni wa serikali. Mimi nina miti kumi na miwili aliyonipandia mume wangu. Nataka kuikata nijenge nyumba kabla ya mvua. Niliambiwa nikija hapa, nikirudi nitapewa neno niikate."

Chumba kilicheka. Hata yule aliyelala aliamka, akaomba aelezwe. Osundwa alikuwa anatazama dari. Mheshimiwa alifuta macho kwa kitambaa, akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa aliyeandika hii ni nani? Ametudanganya?"

Kila mtu alinigeukia. Haikuwa hatari kubwa. Ilitosha niseme, "Ni mimi, Mheshimiwa, nimekosea neno. Si msitu, ni miti." Wangecheka tena kidogo, wakanisahau kabla ya kikombe cha pili. Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nilisimama, nikafunga vifungo vya koti.

"Mheshimiwa, ni msitu. Mniwie radhi kwa ajili ya shemeji yangu. Hakusoma. Hajui anachokimiliki."

Wakacheka kwa kuridhika, kicheko cha watu wanaoelewana. Karani akaandika. Perpetua alifungua fundo la leso yake, akalifunga upya, akakaa.

Tulirudi Baba Dogo, Perpetua akitangulia. Mlangoni alisimama kwanza.

"Mulamwa, nilisoma mpaka darasa la sita. Huko wanafundisha kuhesabu mpaka kumi na mbili, na kupita."

Kesho yake alirudi Khwisero kwa basi, peke yake. Nilimsindikiza stendi tu, kwa sababu nilikuwa na kikao na Osundwa.

"Na neno?" aliniuliza dirishani.

"Tungoje kidogo mswada usomwe."

Orodha ilikokwenda bila mimi

Mswada haukusomwa. Osundwa alirudi kuipenda miti iliyolala, mapenzi yake ya ujana. Mheshimiwa mnene hakuchaguliwa tena. Lakini kuna kitu kimoja kilichonusurika katika kazi yetu yote ya kutetea wenye miti, nacho ni ile orodha. Ilisafiri yenyewe, ofisi hadi ofisi, bila tikiti wala soda ya moto, ikafika wilayani. Naibu wa chifu akampelekea Perpetua barua: boma la marehemu Raphael limeandikishwa kuwa na msitu, na katika msitu huo hakuna mti utakaokatwa mpaka maofisa waje kuukagua.

Kata nzima ilikuwa na msitu mmoja tu wa mtu binafsi. Wale wote waliokataa kutia sahihi walikata miti yao mwaka huo, wakaezeka, wakauza fito. Hao ndio niliowahurumia kwa kutokuelewa lugha.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Karani wa wilaya alimwambia Perpetua kwamba aliyetia sahihi aje mwenyewe, aandike kwamba hapana msitu, pana miti, na kwamba alikosea. Perpetua alinitumia habari kwa mtu aliyekuwa akija Nairobi. Nikajibu nitakuja Aprili. Aprili nikasema Agosti. Mimi ndiye mtu pekee katika ukoo aliyejulikana kwa kuandika barua, na barua hiyo ya mistari mitatu ilinishinda. Kila nikifika kwenye "nilikosea" nilikuta nina jambo la kufanya sokoni.

"Baba Rosa, wino umekwisha?" Consolata alikuwa akiniuliza. Baadaye akaacha kuuliza.

Mvua za masika mwaka uliofuata ziliangusha ukuta wa nyuma, Perpetua akiwa kanisani. Alikaa jikoni kwa jirani wiki tatu. Kisha akafunga vitu vyake, akarudi kwa kaka zake, upande wa Mumias. Kwetu mjane wa umri ule akirudi kwao, watu hawamsemi yeye. Wanawasema mashemeji.

Hapo ndipo nilipopata nafasi. Nilikwenda wilayani, nikaandika mistari mitatu. Karani alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya neno langu, akaniuliza kama kuna lingine. Haikufika dakika. Nikatoka moja kwa moja hadi Mumias, nikamwambia Perpetua kwamba natoa neno, miti ni yake, nitaukata wa kwanza mwenyewe.

"Ahsante, mulamwa," alisema. "Hapa nimeshazoea."

Akanipikia chai. Hakunitania hata neno moja, nami nikajua kwamba sikuwa tena shemeji yake, nilikuwa mgeni.

Mumias

Mwezi uliopita tuliletewa habari kwamba Perpetua amefariki. Hakuugua muda mrefu. Nilipanda basi siku hiyohiyo. Safari hii halikuchelewa hata kidogo, na sikumbuki nilikula nini wala nilikaa na nani.

Mwanamke aliyeolewa kwetu anazikwa bomani kwa mumewe, hata kama alikuwa amekwenda kwao. Nilikuwa nimeagiza vijana wachimbe kaburi kando ya Raphael. Niliingia Mumias na gari la kubebea mwili na wazee wanne, tukiwa tumevaa vizuri. Kaka yake mkubwa, mzee mpole aitwaye Barasa, alitupa viti mbali na jeneza, upande wanakokaa wageni.

"Silvano, pole na safari. Dada yetu hatoki hapa."

"Mzee Barasa, ni mke wetu. Tulimwoa kwa ng'ombe."

"Mlimwoa, ni kweli." Alionyesha nyuma ya nyumba. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa kwenye kigingi, amesuguliwa akang'aa. "Ng'ombe huyo hapo. Mrudi naye. Ndivyo alivyotaka."

Wazee wangu waliinama. Kurudisha ng'ombe ni kusema hapakuwa na ndoa. Niliwauliza mabinti wa Raphael, waliokuwa wamekaa chini karibu na jeneza, kama wanakubali baba yao abaki pasipo mke. Mkubwa wao alijibu bila kunitazama.

"Mama alisema alikuwa akingoja mtu amsemee kwenye boma lile. Akasema aliposemewa, aliambiwa hajui kitu. Basi hawezi kurudi kulala mahali asipojulikana."

Niliwaambia kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nililisema mbele ya watu wote, kwa sauti, na lilitoka bila shida yoyote. Mzee Barasa aliitikia kwa kichwa, akasema wamesikia, kisha akawaambia vijana wabebe jeneza. Mtamba nilimkataa, wala hakuna aliyenibembeleza nimchukue. Kaburi tulilochimba kwetu ilibidi lifukiwe tupu, na kwa desturi wakazika humo shina la mgomba ili lisilale wazi.

Mmeniuliza kilichotokea, nami nimekieleza. Kukubali zile karatasi kulinigharimu hivi: Perpetua amezikwa mbali na mume wake, boma la kaka yangu halina mtu, na binti zake wawili hawaniiti tena baba mdogo. Na hayo yote ningeweza kuyazuia, mwanzoni kwa kukataa, na baadaye kwa kuandika kwamba nilikosea. Nilikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kuliandika kabla hajahama, na sikuliandika kwa sababu niliona aibu.